Mdogo wangu, muuaji wako ana kovu langu

Mdogo wangu,

Simu hupokei, ujumbe unabaki tiki moja wiki ya tatu sasa, kwa hiyo nakuandikia hapa ambapo najua huwa unapita.

Kwanza hongera. Nasema kwa moyo mweupe, riwaya yako ya upelelezi ni nzuri. Niliimaliza usiku wa pili baada ya arobaini ya baba, ile nakala uliyoitia ringi steshenari pale Mwanjelwa. Nilipofika kwenye korongo, maiti inakutwa imeviringishwa gunia na plasta kama wanavyofunga mifupa ya kale ya dinosaria isimeguke njiani, niliinuka kitandani nikakague komeo. Hapo umeniweza. Na ile ya mchungaji wa mifugo kugusisha jiwe kwenye ulimi, likinata ni mfupa, lisiponata ni jiwe tu, hiyo hukuitoa kitabuni. Ulikuwa na miaka sita, umepiga magoti kwenye mchanga mwekundu kule chini Galula, ulimi nje, vumbi hadi kwenye kope, unaniita: "Dada, linanivuta!"

Lakini ranchi, mdogo wangu? Baba alikuwa na ng'ombe kumi na wawili na beberu mmoja mkorofi. Wewe ukampa eka elfu tano, seng'enge na farasi. Farasi! Sijui marehemu angempandia wapi, na goti lile.

Sasa turudi kwenye ile jioni, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Watu walikuwa wameshakula. Umeme ulikatika, baba mdogo akawa anasimulia habari za shamba, ndipo ukasimama na kitabu chako ukasema utasoma sura ya mwisho kwa heshima ya baba. Tukanyamaza. Ulisoma vizuri, sauti kama ya baba kabisa. Kisha mpelelezi akamtaja mhalifu: dada mkubwa wa mchungaji, aliyeiba mfupa ndani ya kopo akamuuzia profesa wa Kizungu, na mchungaji alipogundua akamnyamazisha. Jina ulibadilisha. Kovu ukaliacha. "Kovu lililokata nyusi ya kushoto kama njia ya mchwa."

Shangazi ndiye aliyegeuza tochi ya simu. Hakuwa na nia mbaya, najua, mkono ulijiendea tu. Mwanga ukanipiga usoni, ukakaa hapo. Hakuna aliyesema neno. Niliona meno ya mtoto wa baba mdogo akizuia kicheko.

Ndiyo maana nilisema nilichosema. Kwamba hata sheria hujui, kwamba umeandika habari za Marekani ukazivisha kaniki. Nilikuaibisha mbele ya wakwe zako, nakiri. Lakini mdogo wangu, nilikuwa sahihi! Ule mnada wa mfupa kwenye riwaya yako hausimami. Huko kwao mfupa ulio kwenye ardhi ya mtu binafsi ni mali yake. Yule Sue, dinosaria aliyetolewa kwenye ranchi South Dakota mwaka 1990, aligombaniwa mahakamani mpaka ikaamuliwa ni wa nani, akaja kupigwa mnada New York mwaka 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8. Kwetu Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, huchimbi bila kibali wala hupeleki nje bila kibali. Mwenye ranchi wako angeishia kituoni, siyo benki.

Halafu mpelelezi wako anautambua mfupa kwa siku mbili. Yule dinosaria wa Mto Mtuka, jirani zetu kabisa, watafiti walimwona kwenye ukingo wa korongo mwaka 2004, na jina akaja kupewa 2019: Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa vile kuna mifupa ya mkia yenye umbo la moyo. Miaka kumi na mitano. Wewe siku mbili, na katikati kapata muda wa kutongoza mhasibu.

Ushauri wangu ni huu, upokee au uutupe. Muuaji asiwe dada. Msomaji wa riwaya za upelelezi anamshuku dada tangu sura ya tatu, kwa sababu ndiye peke yake anayepika, anayefua na anayejua kila kitu kilipo. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuua. Anaamka saa kumi na moja kuchota maji, anambeba mdogo wake mgongoni kuvuka mto, mwaka mzima, na mdogo mwenyewe mzito. Na kama lazima aibe, basi mwandike akiwa na miaka kumi na mmoja, kama alivyokuwa. Na andika alichonunua. Kandambili za bluu ulizoendea darasa la kwanza zilitoka wapi? Uliwahi kujiuliza? Baba hakuwa na hela mwaka ule, ng'ombe wawili walikuwa wamekufa. Ulizivaa mpaka kisigino kikatoboka ukaziba kwa waya.

Umeanza kitabu chako na yule dinosaria mwingine, Rukwatitan, aliyetangazwa 2014, ukafafanua jina lake la pili, "aliyezikwa mara mbili", kwamba mto ulimfukua ukamfukia upya. Nilipenda. Ila mto haukumwitia watu.

Basi nikupe ambacho huna, ukiandika upya kitakufaa. Profesa hakuwepo. Mzungu hakuwepo. Alikuwa mnunuzi wa mpunga, gari limepata pancha, amekaa kivulini anasubiri utingo. Wala hakuulizia mfupa. Mimi ndiye niliyeingia ndani nikalitoa kopo chini ya kitanda chako, nikamwambia hili ni jino la zimwi, lambe uone. Akacheka, akalamba, likamnata, akatoa noti. Alisema atampelekea mwanawe achezee. Wewe ulikuwa umelala, homa imekushika. Ulipoamka nikakuambia panya, na ukaamini panya anaweza kubeba jiwe.

Kopo nilibaki nalo. Lipo juu ya kabati hapa Uyole, nahifadhia mbegu za maharage. Ukija Desemba ulichukue, ila mbegu uniachie.

Dada yako