Huyo mnayemwita Frimasoni alitufanya tununue makomeo

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba vyama vya wanawake wasomi wa Marekani vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki ni mlango wa nyuma wa Frimasoni, na kwamba sisi wenye watoto huko tuwaombee. Mimi ninaye mmoja. Ni binti wa marehemu kaka yangu, nesi wa zamu za usiku huko Maryland, na ndiye kiongozi wa tawi la chama chake. Kumwombea namwombea kila siku, ila si kwa sababu hiyo.

Nikiri kwamba hata mimi nilishtuka mwanzoni. Siku moja alinipigia simu ya video akiwa kwenye kikao chao, nikaona akina mama watu wazima wamevaa pinki na kijani. Mmoja akapiga yowe jembamba, “skee-wee!”, na wengine wote wakaitikia. Nikamwuliza, “Mama, huko kuna usalama kweli?” Alicheka mpaka simu ikamponyoka. Halafu akaniambia cheo chake kinaitwa basileus. Neno hilo nilimpelekea mchungaji wetu, aliyefundishwa Kigiriki pale chuo cha theolojia cha Makumira. Akasema maana yake ni mfalme, na kwamba limo katika Agano Jipya tangu Mathayo sura ya kwanza. Kama herufi za Kigiriki ni za shetani, basi tuna kazi kubwa kanisani.

Chama chenyewe ni Alpha Kappa Alpha, kilichoanzishwa mwaka 1908 na wasichana weusi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Kamala Harris naye alijiunga akiwa mwanafunzi hapo hapo. Ukihitimu chuo hutoki, unahamia tawi la watu wazima, ndiyo maana binti yetu ana miaka 41 na bado anawahi vikao. Siwapambi. Ada si ndogo, yeye mwenyewe hunung'unika, na ananiambia vyama vya aina hii vyuoni kwao vimewahi kupata aibu kwa sababu ya wanachama wapya kuteswa. Lakini uchawi hapana.

Alikuja Moshi mwezi wa tisa mwaka jana, kwa ibada ya kumbukumbu ya baba yake. Hapo ndipo kisa changu kinapoanza, na aibu yake ni yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mweka hazina wa kikundi cha akina mama hapa Pasua. Tunanunua hisa, tunakopeshana, na tunao mfuko wa jamii ambao, kusema kweli, huwa unaishia kwenye misiba ya wanachama na kwenye Siku ya Wanawake. Kila Machi 8 tunashona kitenge cha sare, tunachapisha bango, tunapeleka sabuni na juisi mahali, tunapiga picha, tunarudi kula pilau. Niliposikia binti anakuja, niliwatangazia wenzangu kwamba kiongozi wa akina mama wa Marekani anakuja na masanduku ya pedi za kugawa shuleni. Masanduku hayo hakuna aliyeniahidi. Niliyaona kichwani mwangu tu. Sare ikashonwa, mpiga picha akalipwa nusu.

Akashuka uwanja wa ndege wa KIA na begi moja na daftari.

Jioni ile tulikuwa tunamenya ndizi za mtori, mimi nimenuna. Nikamwambia waziwazi kwamba ameniangusha mbele ya watu. Hakujitetea. Akanisimulia habari za wakubwa wake wa zamani kwenye chama, ambayo naiandika hapa kwa sababu msomaji wako haijui. Mwaka 1935 wanawake wa chama hicho, wakiongozwa na daktari Dorothy Ferebee, waliamua kupeleka matibabu kwa watu weusi maskini wa Mississippi. Treni ikawakatalia tiketi kwa sababu ya rangi yao, wakaenda kwa magari yao wenyewe. Walipofika wakakuta jambo ambalo hawakulitegemea: wenye mashamba ya pamba hawakuwaruhusu vibarua wao kwenda kliniki. Kliniki ipo, dawa ipo, wagonjwa hawaji. Basi wakaipakia kliniki kwenye magari, wakaifuata mikono ya watu huko huko shambani, wakachanja watoto dhidi ya ndui na dondakoo. Na walirudi, kiangazi baada ya kiangazi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940.

“Sasa, shangazi,” akaniuliza, “hao wasichana wa hapo shuleni, nani amewauliza wanataka nini?”

Nilifundisha miaka 34. Sikuwa na jibu.

Kesho yake tukaenda shule moja ya msingi hapa mjini, sisi wawili tu, bila bango. Mwalimu wa malezi alitukusanyia wasichana wa darasa la sita na la saba. Nilidhani binti atatoa hotuba. Aligawa vipande vya karatasi, akasema waandike kitu kimoja kinachowafanya wakose shule, bila jina, halafu akatoka nje na kunivuta na mimi, kwa sababu alisema nina uso wa mwalimu.

Karatasi zilikuwa 46, nilizihesabu mwenyewe usiku kwa mazoea ya kusahihisha. Waliotaja pedi walikuwa 3. Mmoja aliomba sweta. Mmoja aliandika kwamba mpira wa netiboli umepasuka, nami nikamwona mkweli. Lakini 29 waliandika kuhusu mlango. Shule ina matundu 8 ya vyoo vya wasichana, milango ipo yote, komeo hata moja halipo. Kila anayeingia lazima aende na mwenzake wa kushikilia mlango kwa nje, na wavulana wanajua. Akiwa katika siku zake hawezi kumwomba mtu amshikilie mlango mara nne kwa siku, basi anabaki nyumbani. Mmoja aliandika, “Pedi ninazo, pa kubadilishia ndiyo sina.” Karatasi ile ninayo mpaka leo ndani ya Biblia.

Tungewapelekea masanduku ya pedi, Mhariri, na mngetuandika gazetini.

Kikao cha kikundi kilikuwa kigumu. Mwenyekiti wetu alinuna, kwa kuwa makomeo hayapigiki picha: unawapangaje akina mama 19 wenye kitenge kipya mbele ya choo? Mwingine akasema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na binti alikubali. Alichouliza ni kama kuna aliyepeleka habari hiyo serikalini, na kumbe hakuna, tukaiandikia barua ofisi ya kata siku ile ile. Kisha tukapiga kura kuhusu mfuko wa jamii, 11 kwa 8. Makomeo tukanunua hadiwea ya hapo Mbuyuni, fundi seremala akafunga kwa siku moja, na kila chumba kikapata ndoo yenye mfuniko. Yeye alilipa fundi. Zaidi ya hapo alikataa kutoa, akisema akilipa yote, siku akiondoka kazi itaondoka naye.

Badala yake akatuachia zamu. Kila Jumanne mwanamke mmoja wa kikundi anapita shuleni, anafungua na kufunga kila mlango, anaandika kwenye daftari. Wazee wetu wa mlimani walikuwa na kitu hicho hicho kwenye mfereji: msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ukiisha, kuna mtu bado anapita kuangalia ukingo usibomoke. Sisi wa mjini tulibaki na neno tu.

Na yeye je? Hupiga simu Jumanne. Huku inakuwa saa nne usiku, kwao saa nane au tisa mchana, ndiyo kwanza ameamka aende zamu. Kabla ya hapo Jumamosi yake alishinda na tawi lake wakipanga vyakula vya familia zisizo na kitu. Haulizi “hamjambo” kwa muda mrefu. Anauliza mlango kwa mlango kama anapima joto la wagonjwa. Mwezi wa pili nilimdanganya kwamba nimepita, kumbe mvua ilinishinda. Akaniuliza, “Na namba 4, bado linakwama?” Nikasema halikwami. Akanyamaza kidogo, akasema, “Sawa, shangazi.” Asubuhi nilikwenda. Komeo la namba 4 lilikuwa limeng'oka kabisa, linaning'inia kwa skrubu moja, na msichana wa darasa la sita amesimama nje ameshikilia mlango.

Msomaji wako aliuliza watu hawa wanaapa kwa nani. Sijui wanavyoapa, siri yao hajanipa na sijamwomba. Namkaribisha msomaji huyo Pasua Jumanne yoyote aje na kalamu. Leo mwenyewe siwezi kuendelea kuandika: ni zamu yangu, na skrubu nilizonunua jana ni fupi, lazima nizirudishe dukani kabla hawajafunga.

Mweka hazina, kikundi cha akina mama,
Pasua, Moshi