Barua ya Wazi kwa Shangazi Aliyeiacha Riwaya Katikati

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimepata habari kwamba umeiweka kando ile riwaya ya mapenzi na taharuki niliyokuazima, na kwamba hukuiacha kwa sababu imekuchosha, bali kwa sababu ulipofika katikati ulisoma maoni ya wasomaji wengine, ukaona heri usiendelee. Uliniandikia kwamba watu wengi kiasi hicho hawawezi kukosea wote kwa pamoja. Kwa heshima yote ninayokupa, naomba ruhusa ya kukupinga. Naamini baadhi ya wasomaji wale wamekosea kabisa, wengine wamesema kweli, na walio wengi wameiona kasoro bila kuona inatoka wapi. Nimeiandika barua hii hadharani kwa kuwa wapenzi wengi wa riwaya za aina hii hukwama palepale ulipokwama wewe.

Sitakufichulia mwisho. Nitagusa yale tu uliyokwisha kuyasoma: Uingereza ya mwaka 1816, msichana wa miaka 19 aliyerithi mali ya baba yake, kaka yake aliyekutwa amekufa maji, ami yake ambaye ni mlezi wake na pia ni hakimu wa eneo lile, na yule kapteni aliyerejea kutoka vita vya Waterloo, ambaye msichana anampenda na wakati huohuo anamshuku kwamba ndiye aliyemuua kaka yake.

Lawama iliyorudiwa zaidi na wasomaji ni kwamba msichana huyu ni mjinga. Wanauliza kwa nini asiende polisi baada ya kuikuta ile barua ya vitisho, kwa nini asitoroke, na kwa nini aendelee kulala katika nyumba ambamo anajua kuna mtu anayemtakia mabaya. Ni maswali ya haki yakiulizwa kuhusu msichana wa leo. Mwaka 1816, hata hivyo, hapakuwa na polisi wa kuendewa. Jeshi la polisi la London lilianzishwa mwaka 1829 na Robert Peel, na huko mashambani hali ilibaki ya kale kwa miaka mingine mingi. Palikuwa na konstebo wa parokia, ambaye mara nyingi alikuwa mkazi wa kawaida aliyepewa zamu bila mshahara, na juu yake palikuwa na hakimu, ambaye kwa kawaida alikuwa mmoja wa wenye mashamba makubwa. London kulikuwa na kikosi kidogo cha Bow Street, kilichoundwa na Henry Fielding mwaka 1749, lakini mtu aliyetaka wapelelezi wake waje shambani alitakiwa kuwa na fedha za kuwalipa. Mashtaka yenyewe, hata ya mauaji, kwa sehemu kubwa yalifunguliwa na kugharimiwa na jamaa wa aliyedhulumiwa. Sasa rudi kwenye riwaya, shangazi, uutazame upya ule ukurasa ambapo msichana anaikunja barua ya vitisho na kuificha ndani ya kitabu cha sala. Angempelekea nani? Hakimu ni ami yake. Fedha za kumlipa mpelelezi zimo mikononi mwa ami yake. Jamaa pekee mwenye uwezo wa kufungua mashtaka ni huyohuyo ami yake. Msomaji anayemwita msichana mjinga ameusoma ukurasa ule kana kwamba nje ya dirisha kuna kituo cha polisi.

Kuhusu kutoroka, mambo ni mazito zaidi. Sheria ya ndoa ya mwaka 1753 ilibatilisha ndoa iliyofungwa kwa leseni ikiwa mmoja wa wanandoa hajatimiza miaka 21 na hana ridhaa ya mzazi au mlezi. Ndiyo maana vijana walikimbilia Uskoti, ambako sheria hiyo haikufika, na ndiyo maana kijiji cha Gretna Green, kilichopo mara tu baada ya mpaka, kikapata umaarufu wake. Wasomaji wawili watatu wamesema kwamba safari ya Uskoti imetajwa mara nyingi mno katika sura za kati. Mimi naona imetajwa kwa kipimo, maana kila inapotajwa msichana anapiga hesabu ileile ya kutisha. Akiolewa na kapteni, ataponyoka mikononi mwa mlezi wake, lakini vyote anavyomiliki visivyo ardhi vitakuwa vya mume, na hata ardhi itakuwa chini ya usimamizi wa mume. Wanawake walioolewa walianza kuruhusiwa kumiliki mishahara yao wenyewe mwaka 1870, na mali zao kwa ujumla mwaka 1882. Kabla ya mwaka 1857, talaka ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria mahususi ya Bunge, jambo lililowezekana kwa matajiri wachache tu, na karibu wote walikuwa wanaume. Kwa hiyo swali la kama anampenda kapteni na swali la kama kapteni ni muuaji ni swali moja. Atakayekosea katika upendo hapa atakuwa amemkabidhi adui mwili wake, mali yake na watoto atakaowazaa, bila njia ya kurudi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale waliosema kwamba mapenzi yanaichelewesha taharuki, na kwamba mwandishi angefanya vyema kufuta kurasa za dansi na matembezi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na riwaya ya aina hii imejengwa juu ya msemo huo. Dansi ni miongoni mwa nafasi chache ambazo msichana anaweza kuzungumza na kapteni bila mtu wa tatu kusikia. Kila wanapozunguka, yeye anatafuta katika maneno yake dalili ya hatia, na moyo wake unaomba asiipate. Ukizifuta kurasa hizo, utabaki na upelelezi wa kawaida ambao mpelelezi wake hana cha kupoteza.

Nimejiwekea kipimo kimoja ninaposoma maoni ya watu kuhusu riwaya hizi, nacho ni hiki: mlango uliomfungia mhusika umefungwa na nani? Ukiwa umefungwa na sheria, desturi, umbali na giza la zama zake, mwandishi amefanya kazi yake, na msomaji anayelalamika hana budi kuijua zama hiyo kidogo zaidi. Ukiwa umefungwa na mwandishi mwenyewe, kwa kuwa tu alihitaji sura kumi zaidi, basi msomaji anayelalamika yuko sahihi hata akilalamika kwa maneno makali.

Kwa kipimo hicho, kuna lawama mbili ninazoziunga mkono dhidi ya kitabu ninachokipenda.

Ya kwanza ni ya yule msomaji aliyekasirishwa na kiberiti. Wengi walimjibu kwamba ni jambo dogo, kwamba hii ni hadithi na siyo kitabu cha historia, na kwamba anatafuta makosa kwa makusudi. Mimi naona ndiye aliyesoma kwa makini kuliko wote. Msichana anaingia kwenye ghala la pwani usiku, anasikia mtu akipumua, na papo hapo anawasha kiberiti na kuinua mshumaa. Viberiti vya kuwashwa kwa kukwaruzwa vilianza kuuzwa mwaka 1827 na John Walker, mkemia wa Uingereza. Mwaka 1816 msichana huyu angelazimika kupapasa kisanduku chake, agonge jiwe la gumegume kwenye chuma mpaka cheche ianguke juu ya kitambaa kilichounguzwa, apulize, achochee kijiti kilichopakwa salfa, ndipo auwashe mshumaa. Kazi hiyo mikono ikiwa imetulia huchukua muda. Mikono ikitetemeka, na hewa ya bahari imekilainisha kitambaa, huenda isifanikiwe kabisa. Fikiria, shangazi, taharuki iliyotupwa hapo! Cheche moja moja zingemwonyesha msichana kipande cha bega, kisha giza, kisha kipande cha mkono, kisha giza tena. Kosa la historia limemnyima mwandishi tukio lililokuwa bora kuliko alilolibuni. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema usahihi wa kihistoria ni jambo la wataalamu peke yao. Katika riwaya hizi, woga unatokana na vitu, na vitu lazima viwe vya wakati wake.

Ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu ukimya wa kapteni. Wasomaji wamegawanyika vikali hapa. Wapo walioandika kwa machozi kwamba mwanamume anayebeba siri peke yake ili mpenzi wake asidhurike ndiye mwanamume wa kweli, na wapo waliosema kwamba hiyo ni dharau iliyovikwa nguo za upendo. Nimesimama na hawa wa pili. Tazama pale kwenye bustani: wako peke yao, hakuna anayewasikia, kapteni anajua jambo ambalo lingeweza kuokoa maisha ya msichana, naye anasema tu kwamba atalieleza siku nyingine. Hakuna sheria ya mwaka 1753 inayomzuia kusema, wala hakuna desturi, wala hatari ya papo hapo. Anayemzuia ni mwandishi. Linganisha na zile barua ambazo msichana anamwandikia mama yake wa ubatizo aliyeko London bila kupata jibu. Wakati ule, na hadi mwaka 1840, gharama ya barua kwa kawaida ililipwa na mpokeaji kwa kuzingatia umbali na idadi ya kurasa, hivyo barua iliyoingia katika nyumba ile ilipita kwanza mikononi mwa mwenye fedha za kuilipia. Ukimya wa barua ni ukimya wa dunia yao, nao unatisha. Ukimya wa bustani unaudhi tu. Nilitamani wasomaji walioukemea ukimya wa kapteni wangeusifu ule wa barua kwa pumzi hiyohiyo, kwa maana kitabu kimoja kimefanya vizuri na vibaya jambo lilelile.

Umenigusia pia wale wasomaji waliosema, kwa fahari kidogo, kwamba walimtambua mhalifu mapema na hivyo hawakuona sababu ya kuendelea. Hili nitalipita haraka. Ann Radcliffe, ambaye riwaya zake za miaka ya 1790 ndizo zilizoitengeneza njia hii wanayopita waandishi wa leo, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1826, baada ya kifo chake, akitenganisha hofu inayoikuza nafsi kwa kile isichokiona wazi na ile karaha inayoigandisha nafsi kwa kuonyeshwa kila kitu. Hofu ya aina ya kwanza haitegemei kutojua jina la mhalifu. Msomaji anaweza kumjua, na msichana asimjue, na ukurasa ambapo anamkaribisha mtu huyo chai ukawa mgumu kuusoma kuliko ukurasa wa kisu.

Wala usidhani kwamba kugombana juu ya vitabu hivi ni jambo la leo. Katika riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, Northanger Abbey, wahusika wenyewe ni wasomaji wa Radcliffe nao wana maoni yao. Kijana mmoja, John Thorpe, anatangaza kwamba hasomi riwaya, kisha anakidharau kitabu mashuhuri cha Radcliffe na papo hapo kumsifu Radcliffe, kwa kuwa hajui kwamba ndiye aliyekiandika. Mwingine, Henry Tilney, anakiri bila haya kwamba alikimaliza kwa siku mbili, nywele zikimsimama muda wote. Miaka zaidi ya 200 imepita, na kila ninaposoma maoni ya wasomaji namwona Thorpe, mwenye hukumu nyepesi juu ya kitabu ambacho hajakifungua vizuri, na namwona Tilney, anayesema kilichompata alipokuwa akisoma. Huyu wa pili ndiye ninayemwamini, hata akikichukia kitabu, mradi anaonyesha ni ukurasa gani ulimfanya akichukie. Yule wa kiberiti alikuwa Tilney. Waliosema tu kwamba msichana ni mjinga na kwenda zao hawakukuambia chochote kuhusu kitabu, shangazi, na kwa ajili ya maneno yao ukakifunga.

Kwa hiyo naomba ukifungue tena. Anzia kwenye sura ya barua zisizojibiwa, siyo mwanzo kabisa, kwa sababu yaliyotangulia bado unayakumbuka kuliko mimi. Utakapofika pale kwenye bustani, weka kitabu chini kabla ya kugeuza ukurasa, uniandikie unavyouona ukimya wa kapteni, kama ni upendo au ni dharau, au kama kuna mlango mwingine uliomfunga mdomo ambao mimi sikuuona. Wewe umeishi na watu wengi kuliko mimi na unawasoma watu kwa jicho kali kuliko langu. Ukinithibitishia kwamba kapteni alikuwa na haki ya kunyamaza, nitaisoma sura hiyo upya kwa macho yako kabla sijamwazima mtu mwingine kitabu hiki.

Mwanao akupendaye.