Kapteni Mantell aliuawa na kukosa oksijeni, sio visahani

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee habari ya rubani Thomas Mantell, manake kila vikitajwa visahani vinavyoruka lazima atokee mtu wa kuileta, eti jamaa alifukuza chombo cha sayari nyingine kikamtungua mchana kweupe. Kwamba kuna kitu kilionekana sipingi, kilionekana na watu wengi tu, ila hiyo ya kutunguliwa hapana.

Ilikuwa Januari 7, 1948, jimbo la Kentucky huko Marekani. Raia wanaona kitu angani, polisi wa barabara kuu wanapiga simu uwanja wa kijeshi wa Godman pale Fort Knox, na mwisho hata mkuu wa uwanja mwenyewe akakitazama kwa darubini. Cheupe, cha mviringo, wengine wakasema kama koni ya aiskrimu yenye wekundu juu. Ikatokea ndege kadhaa za kivita za P-51 za National Guard, yaani jeshi la akiba la jimbo, zinapita zikiongozwa na Mantell, kijana wa miaka 25 aliyeshapigana Vita Kuu ya Pili, wakaombwa waende kuangalia.

Sasa hapa ndipo wasimuliaji huwa wanaruka. Ukishapita kama futi 14,000 rubani lazima awe na oksijeni, na Mantell hakuwa nayo. Wenzake walipofika kama futi 22,000 wakageuza, yeye akaendelea kupanda. Na ubaya wa kukosa oksijeni ni kwamba hauumi, ubongo unalegea taratibu huku mwenyewe unajiona uko poa kabisa, dakika chache umezima, na ndege isiyo na mtu wa kuishika ikaporomoka ikaanza kukatika ikiwa bado angani, mabaki yakaanguka shambani karibu na mji wa Franklin. Silaha ya ajabu iko wapi hapo?

Kitu chenyewe wengi waliochunguza wanasema ni puto la Skyhook, la jeshi la majini, plastiki nyembamba iliyojazwa heliamu, likitanuka linafika upana wa mita 30 na linaweza kwenda juu hadi kilomita 30 hivi. Jua likilipiga linang'aa utadhani chuma. Yaani hata angekuwa na oksijeni asingelifikia, P-51 haifiki huko. Na kwa kuwa mradi ulikuwa wa siri, pale Godman hakuna aliyejua kama kuna maputo ya namna hiyo.

Ila wanaoniudhi zaidi ya wavumishaji ni jeshi la anga. Wao wakatoa jibu kwamba Mantell alikuwa anafukuza sayari ya Zuhura. Zuhura jamani! Mchana Zuhura ni kanukta, tena mpaka ujue pa kuangalia, sasa nani anatazama nukta kwa darubini anaona koni? Mpaka miaka ya 1950 mwanzoni ndio Edward Ruppelt, aliyekuwa akiongoza Project Blue Book, mradi wa jeshi la anga wa kuchunguza ripoti za visahani, akapitia upya mafaili akaona puto ndilo linaloelekea kuwa jibu, lakini muda huo watu walishajaza wenyewe, mara mwili haukuonekana, mara ndege ilikutwa na matundu ya ajabu. Mtu akikupa jibu la kitoto unajua anaficha kitu, na kweli siri ilikuwepo, ila ilikuwa ni siri ya puto.

Hiyo Blue Book ilipofungwa mwaka 1969 ilikuwa na ripoti 12,618, na 701 kati ya hizo zikabaki bila maelezo. Wapenzi wa visahani wanaishikilia hiyo 701 kama ushahidi, mimi nawauliza je, zile zilizopewa maelezo, ni ngapi zilipewa ya aina ya Zuhura? Hilo ndilo la kubanana nalo.

Kwa hiyo Mhariri, siku mkiiandika tena hii habari, msiiache oksijeni. Marehemu aliacha mke na watoto wawili wa kiume, na kilichomuua kinaeleweka.

Msomaji wenu