Barua ya wazi kwa Afisa Uvuvi: maboya ya bwawa la matete yako wapi?

Mheshimiwa Afisa Uvuvi,

Salaam kwa heshima. Nakuandikia kutoka mwaloni kwetu, karibu na Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Mikono yangu bado inanuka shombo ya samaki ambao hawakupaswa kuvuliwa.

Jana alfajiri nilikuta kokoro la vyandarua limeburutwa ndani ya bwawa la matete. Waliolivuta walichagua wakubwa, wakaondoka. Waliowaacha mchangani nimewazoa mwenyewe: makinda ya kuhe marefu kama kidole, ngege wasiojaza kiganja, kaa wawili waliokatika miguu, na wale kamba wadogo wanaong'aa kama kioo, wamenasa kwenye kipande cha wavu kilichochanika. Ngege jike mmoja alikuwa bado amebeba mayai mdomoni. Makarai mawili yalijaa. Nilimpigia simu kijana wa doria, akanijibu, "Mama, ziwa ni kubwa."

Mheshimiwa, kwa samaki ziwa hili si kubwa. Kina chake kinapita mita 1,400, lakini sehemu kubwa ya kina hicho ni maji yasiyo na hewa. Samaki wetu wanaishi kwenye tabaka la juu tu, na mahali pa kulea makinda ni padogo zaidi. Wenzetu wa delta ya Rufiji, maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari, wana mikoko, na humo kambamiti wachanga hujificha mpaka wakue. Sisi hatuna mikoko, tuna matete. Kuhe dume na jike hulinda makinda yao usiku na mchana, lakini watalindaje kokoro likipita? Na kaa wa ziwa letu, wengi wao hawapatikani kwingine kokote duniani.

Wataalamu wanasema ziwa limepata joto, na maji ya chini yenye rutuba hayapandi juu kama zamani. Labda ndiyo maana dagaa na migebuka wamepungua. Mimi nadhani na mashamba ya mpunga yamechangia, maana matete yanafyekwa mpaka kwenye maji, wakati Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe. Joto huliwezi, najua. Kokoro unaliweza, na sheria unayo.

Naomba nikukumbushe. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, ulikuja hapa, ukakaa kwenye benchi la mama ntilie, ukatuomba tuvumilie ili samaki wazaliane. Ukasema ziwa likifunguliwa bwawa la matete litawekewa maboya, na nyavu hazitaingia tena. Tulikupigia makofi. Mimi nilipiga.

Tukavumilia. Nilikuwa na mkopo wa kikoba, na dagaa ndio waliokuwa wakiulipa. Mwezi wa kwanza wa ziwa kufungwa niliuza turubai. Wa pili nikauza vichanja vya kuanikia, mbao kwa mbao, nikaenda kufanya kibarua cha kukamua mawese. Mwanangu wa kidato cha pili alishinda nyumbani wiki mbili kwa kukosa sare. Nilimwambia, samaki wanakua, tukirudi ziwani tutapata. Nilimwambia hivyo kwa sababu wewe uliniambia hivyo.

Sasa wale tuliowangoja kwa njaa yetu ndio niliowazoa jana kwenye makarai.

Siombi pesa. Siombi boti ya doria, ingawa ingefaa. Naomba maboya kwenye bwawa lile moja. Kama hakuna bajeti, tutafunga madumu ya mafuta kwenye mawe, vijana wapo tayari. Tunachokosa ni karatasi yenye sahihi yako na muhuri, inayosema ndani ya mstari huu wavu hauingii. Bila karatasi hiyo, nikimzuia mtu ananiuliza mimi ni nani, na sina jibu.

Njoo, Mheshimiwa. Njoo kabla mvua hazijaanza, kwa sababu mto ukijaa hatutaweza kuzamisha mawe. Kamba ya manila nimeshanunua, mita 200, kwa hela ya dagaa. Nimeiweka chini ya kitanda.

Mwanika dagaa,
Kigoma