Nyumba za kupanga zipewe daraja la joto kabla ya kodi kulipwa

Ndugu Mhariri,

Mpangaji wa Mtwara mjini hudaiwa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hajalala hata usiku mmoja katika nyumba anayoichukua. Akienda kuiona hutazama vigae, choo cha ndani, maji, na kama mita ya LUKU ni yake peke yake. Joto litakaloshuka kutoka kwenye bati msimu wa kaskazi ukiingia hana namna ya kulijua, na mwenye nyumba hana sababu ya kulitaja, kwa kuwa umeme wa feni na AC haulipi yeye. Ndiyo maana napendekeza Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na wenzao wa Lindi, wazipe nyumba za kupangisha daraja la matumizi ya nishati, na daraja hilo lionyeshwe kabla ya mkataba kutiwa saini.

Wenzetu wa Ulaya walilianza jambo hili zamani. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 2002, na tangu 2007 nyumba za England na Wales zimekuwa zikipewa cheti chenye madaraja kuanzia A hadi G, kinachodumu miaka 10. Mwaka 2018 waliongeza sharti kwamba nyumba iliyo chini ya daraja E isipangishwe kwa mpangaji mpya, isipokuwa kwa msamaha maalumu. Sharti hilo ndilo lililomgusa mwenye nyumba mfukoni, nalo tunaweza kuliiga.

Kipimo chenyewe, hata hivyo, tusikiige. Cheti chao kilitungwa kwa ajili ya nchi za baridi, na sehemu kubwa ya hesabu yake ni gharama ya kuipasha nyumba moto. Tukihesabu uniti za umeme peke yake huku kwetu, chumba cha bati tupu kisicho na dari, chenye balbu mbili na feni moja, kitapata daraja la juu kabisa, ilhali wanaokaa humo hutandika mkeka barazani hadi usiku wa manane. Uniti chache za nyumba hiyo zinatokana na ufukara wa mpangaji, wala si ubora wa jengo. Kwa hiyo daraja letu lipime kwanza nyumba inaingiza joto kiasi gani, kisha ndipo lihesabu umeme unaohitajika kuliondoa.

Paa lipewe alama nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, Oktoba na tena kuelekea mwisho wa Februari, na paa hulipokea kuliko ukuta wowote. Bati la rangi ya mkaa au la kahawia, ambalo siku hizi limekuwa fasheni, hunyonya joto ambalo bati jeupe au la rangi ya maziwa lingelirudisha angani. Dari iliyowekwa chini ya kenchi, pamoja na matundu ya hewa pande mbili za paa, huzuia sehemu kubwa ya joto hilo lisiwafikie walio ndani. Upenu mrefu huukinga ukuta. Madirisha nayo yakaguliwe: lile la aluminiamu la kuslaidi hufunguka nusu tu, na likielekezwa upande usiopata upepo wa kaskazi halimsaidii mtu yeyote miezi ya joto. Wazee waliojenga Mikindani kwa mawe na chokaa, kuta nene na vyumba virefu kwenda juu, hawakuwa na mita ya kuwakumbusha haya. Na nyumba ya makuti, tunayoidharau, ingeipita kwa alama nyumba nyingi mpya za mjini.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye LUKU. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane za usiku haifikishi nusu uniti. AC inayovuta kilowati moja kwa saa hizo hizo hula uniti nane, hivyo usiku kumi tu humtoa mtu katika kikomo cha uniti 75 kwa mwezi cha mteja mwenye matumizi madogo, anayeuziwa umeme kwa bei nafuu. Kampeni za balbu za LED na majiko sanifu ni njema, lakini balbu mpangaji anaweza kuibadilisha mwenyewe, paa hawezi.

Najua wapo watakaosema hii ni ada nyingine inayotafutiwa jina. Hofu hiyo ni ya haki, nami ningeipinga ada hiyo wa kwanza. Ukaguzi ufanywe katika ziara zile zile za kibali cha ujenzi, kwa fomu ya ukurasa mmoja ambayo fundi yeyote anaweza kuisoma, na uanze na nyumba mpya za kupangisha pekee. Za zamani zipewe miaka kadhaa ya kujirekebisha. Fomu hiyo itoke kabla ya minada ya korosho kuanza, kwa sababu fedha za korosho ndizo zinazoezeka mapagale mengi ya mikoa hii, na mtu akishanunua bati la rangi ya mkaa hatalibadilisha kwa miaka mingi.

Mpangaji, Mtwara