Muwasho wa kinena na zile krimu za mchanganyiko

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako, jina langu weka kapuni maana kwa mada hii utanielewa tu.

Nimekaa na muwasho kinenani karibu mwaka mzima. Kila nikienda duka la dawa nanong'ona "fangasi", napewa zile krimu za mchanganyiko, yaani dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi zote kwenye tyubu moja. Ukipaka siku mbili muwasho kwishnei, unaacha, baada ya wiki unarudi na umetanuka zaidi, unapaka tena, ndo hivyohivyo mpaka ngozi ya mapajani ikawa nyembamba na michirizi juu. Nilipojikaza kwenda kwa daktari wa ngozi akanieleza kwamba steroidi inatuliza muwasho lakini inapunguza kinga ya ngozi pale pale, kwa hiyo fangasi wanakula raha, na ngozi ya huko chini inafyonza dawa kuliko ya mkononi ndo maana inaharibika mapema. Halafu akasema vua soksi. Kinena na soksi wapi na wapi jamani? Kumbe nina fangasi katikati ya vidole vya miguu, kila nikivaa chupi inapitia hapo inawabeba kuwapeleka juu! Nikapewa krimu ya fangasi tupu, nipake kote kuwili, nisiache eti kwa sababu muwasho umeisha, na asubuhi nianze soksi ndo chupi ifuate.

Kilichonikera ni kwamba siku hizi kila kitu huko kinaitwa fangasi. Upele, ule ugonjwa wa vijidudu vinavyochimba ngozini, nao unawasha, hasa usiku, unatoa vinundu mpaka kwenye uume, na msipotibiwa nyumba nzima kwa pamoja mtarudishiana tu. Mwanamke mwenye mabaka meupe kwenye mashavu ya uke yanayowasha miaka na miaka huenda ana laikeni sklerosasi, haiambukizi kabisa, na cha ajabu dawa yake ndo hiyohiyo steroidi, tena kali, ila kwa usimamizi wa daktari, maana ikiachwa inaacha makovu na mara chache inageuka saratani. Kaswende inaanza na kidonda kisichouma, watu wanakipuuza, kinapona chenyewe huku ugonjwa unaendelea ndani. Na vile vipele vidogo vilivyojipanga kuzunguka kichwa cha uume, vijana wanakosa usingizi na wengine wanajaribu kuviunguza, wakati ni maumbile tu.

Sasa ombi langu, ukurasa wenu wa afya kila mara ni presha na kisukari, sawa, ila huku mnaruka. Mwiteni daktari wa ngozi aandike bila kuzungukazunguka, maana hata mimi hapa nimeandika "huko chini" na aibu ikanishika.

Msomaji wenu, jina kapuni