Malalamiko: mmekata pambizo za vitabu vya ubatizo

Moshi, 9 Juni

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

YAH: NAKALA MBOVU ZA MIKANDA MIWILI YA MIKROFILAMU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi wa tatu nilileta ofisini kwenu Dar es Salaam mikanda miwili ya mikrofilamu (filamu yenye picha ndogo ndogo za kurasa) ya vitabu vya kanisa vya Kijerumani, ili mniskanie kwenye diski. Nililipa shilingi 640,000 taslimu, nikaahidiwa nakala ya kila ukurasa, kama ulivyo. Nilichopokea si kila ukurasa, wala si kama ulivyo.

Kijana wenu kwenye simu aliniuliza, "Kwani si makaratasi ya zamani tu, mama?" Naomba nimjibu hapa. Ni vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya parokia ya Kilutheri huko Prusia Mashariki, jimbo la zamani la Ujerumani, alikozaliwa mama mkwe wangu. Ofisi za serikali za kuandikisha vizazi na vifo zilianza Prusia Oktoba 1874. Aliyezaliwa kabla ya hapo hana cheti cha serikali. Ana mstari wake kwenye kitabu cha mchungaji, basi. Mama mkwe alikimbia na wazazi wake Januari 1945, akiwa na miaka kumi, kwenye theluji. Vitabu vya parokia yao havijaonekana tena tangu vita viishe. Zimebaki picha zilizopigwa kabla havijapotea. Alinunua kopi zake, akazitunza kabatini Lübeck, Ujerumani, miaka na miaka, na tulipomzika mume wangu, ambaye ni mwanawe, akanikabidhi kwa ajili ya wajukuu.

Sasa angalieni mlichofanya.

Mmeskani kwa nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu. Wino wa vitabu hivi umefifia. Kwenye filamu unaonekana kama moshi mwepesi. Mashine ikilazimishwa kuchagua kati ya nyeusi na nyeupe, hafifu yote inakuwa nyeupe. Mwandiko wenyewe ni ule wa zamani wa Kijerumani, ambao "n" na "u" hazina tofauti isipokuwa kijikunjo kidogo juu ya "u". Kijikunjo hicho kimefutika karibu kila ukurasa. Mtu anayeitwa Braun anasomeka Brann, na ukoo mzima unahama jina. Kijana wenu alinieleza kwamba programu "husafisha uchafu" yenyewe. Uchafu gani? Hiyo ni herufi ya jina la mtu.

Kubwa zaidi, mmekata pambizo ili picha zikae sawa. Safu ya mwisho kulia ni ya wazazi wa ubatizo, na ndiyo inayotusaidia kutofautisha wanaume wawili wa jina moja kijiji kimoja. Haipo. Kwenye ukurasa mmoja wa mwaka 1851 kuna mtoto wa kike ambaye safu ya baba yake ni tupu. Pambizoni mchungaji mwingine, kwa mwandiko wa baadaye, aliongeza mistari mitatu. Nikishika filamu mbele ya taa na kuangalia kwa lenzi ya mkononi naona kabisa kwamba ipo, ila ni midogo mno kusomeka. Kwenye faili lenu zimebaki nusu za herufi nne. Mtoto huyo ndiye bibi aliyemlea mama yake mama mkwe wangu. Baba yake ni nani, familia imejiuliza miaka yote, na jibu huenda liko kwenye sentimita mliyoikata.

Kisha nilihesabu. Nilipitisha mikanda yote juu ya taa ya meza, jioni tatu mfululizo: picha 1,312. Kwenye diski mmeleta 1,259, na moja kati ya hizo imerudiwa mara tatu. Faharasa ya majina mwishoni mwa mkanda wa pili haimo kabisa.

Mikanda yenyewe mliirudisha kwa basi, imefungwa kwa mpira na kuzibwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mpira una salfa inayoharibu filamu. Mkanda mmoja umeanza kunuka siki, dalili kwamba plastiki yake inaoza, na mvuke huo ukifungiwa ndani huharakisha uozo. Ndiyo maana siwezi kusubiri mwaka mwingine.

Naomba kazi irudiwe bila malipo: kwa kijivu chenye ngazi zake zote, picha nzima hadi mpaka mweusi wa fremu uonekane, programu ya kusafisha ikiwa imezimwa, na kila faili liwe na namba ya mkanda na ya fremu. Kama mashine yenu haiwezi, semeni wazi na mnirudishie fedha ndani ya siku 14, nipeleke kwingine filamu ikiwa bado inafunguka.

Mkikubali, nitaileta mwenyewe mkononi na nitaketi hapo hapo hadi ukurasa ule wa 1851 upite. Mama mkwe ana miaka 91. Kila Jumapili akinipigia huuliza kama pambizo imesomeka.

Wenu,
Mteja (nakala ya risiti imeambatanishwa)